Kitabu cha gari kinasema 0W-20, fundi kaweka 20W-50 kasema "hiyo ya kitabu ni maji". Nani mkweli?

#1 Mwendapole
Habari wakuu. Nimechanganywa, naomba kueleweshwa.

Nina gari ya petroli ya 1500 cc, imetembea kilomita 148,000. Kitabu chake nimekikuta kwenye kiboksi cha dashibodi, kina alama za vidole vya mwenye gari wa kwanza. Kinasema oili ni 0W-20, ikikosekana weka 5W-30. Juzi nimepeleka gari kumwaga oili, fundi akacheka. "Hiyo ya kitabu ni maji, imetengenezwa kwa watu wa barafu." Akaweka 20W-50. Sikubisha, mwenye spana ndiye mwenye neno.

Tangu siku hiyo, asubuhi nikiwasha inagonga ta-ta-ta sekunde tatu nne halafu inanyamaza. Zamani haikuwa hivyo. Na naiona nzito kuondoka. Ni oili au ni akili yangu?

#2 Kobe_Mchovu
Fundi wako yuko sahihi. Mimi tangu nishike usukani natumia 20W-50 na injini haijawahi kufunguliwa. Oili nyepesi inapenya kwenye ringi kama maji kwenye chujio. Gari ikishavuka laki moja inataka kitu kizito, kijaze nafasi zilizolika.

#3 Nati_Kumi
Mkuu #2 una gari ya mwaka gani?

#4 Kobe_Mchovu
1989. Kabureta.

#5 Nati_Kumi
Basi 😂. Umelinganisha shoka na wembe.

#6 Mzee_wa_Nadharia
Mnazunguka tu, namba zinajieleza. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la uzito. 5W-30 ikiwa ya baridi ina uzito wa 5, ikipata moto inapanda mpaka 30. Kwa hiyo 20W-50 inaanzia juu na kuishia juu zaidi, ndiyo maana inalinda kuliko zote. Hesabu ya darasa la nne.

#7 DadaSpana
Hapana mkuu #6, hilo kosa limeharibu injini nyingi. W ni winta, baridi kali. Namba inayotangulia W inasema oili bado itaruhusu injini kuzungushwa kwenye baridi ya kiasi gani: 0W hupimwa kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwa 30 chini, 10W kwa 25, 15W kwa 20, 20W kwa 15. Namba ya mwisho ni mnato wake kwa nyuzi 100, injini ikiwa imeshapata moto. Ni mizani miwili tofauti, huwezi kuchukua 5 na 30 ukazipanga kwenye mstari mmoja kama kilo. Na hakuna oili ya injini inayozidi kuwa nzito ikipashwa moto. Zote zinalegea, zinapishana kiasi cha kulegea tu.

Sasa hoja ya "hatuna barafu, 0W haituhusu". Chukua 5W-30 ya kawaida. Kwa nyuzi 100 mnato wake ni kama sentistoksi 10 au 11, na hapo ndipo injini ya aina yake imepangiwa kufanya kazi. Kwa nyuzi 40, oili hiyo hiyo ina kama 60. Ile 20W-50, kwa nyuzi 40, iko kwenye 160 hivi. Na nyuzi 40 ni joto kuliko asubuhi karibu zote unazoweza kuamkia. Kwa maneno mengine, asubuhi kila oili ni nzito mno kwa injini, hata hiyo inayoitwa maji. Swali ni nzito kiasi gani, na itachukua sekunde ngapi kupanda mpaka kwenye kamshafti, ile shafti ya juu inayofungua vali.

Mtoa mada: filta ilibadilishwa? Alimimina lita ngapi?

#8 Mwendapole
Asante sana kaka kwa nondo. Filta alisema bado nzima, akaipangusa kwa kitambaa akairudishia. Oili alimimina galoni yote ya lita 4.

#9 DadaSpana
Mimi dada. Jina liko hapo juu. Kitabu kinasema lita ngapi?

#10 Mwendapole
Samahani dada. Kimeandika 3.7 ukibadilisha filta, 3.4 usipobadilisha.

#11 Nati_Kumi
Kwa hiyo una lita 0.6 za ziada humo ndani, bila kuhesabu ya zamani iliyogoma kutoka. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika kama tano oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), chomoa kijiti cha kupimia, futa, rudisha, chomoa tena. Nabashiri imepita alama ya juu kwa kidole kizima. Ikizidi sana krenki (shafti kuu ya chini) inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halibebi mzigo. Tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali, zikipata povu badala ya oili zinagonga. Huo mlio wa ta-ta-ta unaweza kuwa umetoka hapo tu, tukaacha kumsingizia 20W-50.

#12 Mpiga_Honi
"Akaipangusa kwa kitambaa akairudishia" 😂😂😂 nimecheka peke yangu watu wananiangalia.

#13 Kobe_Mchovu
Haya, mmeshamlemea fundi wa watu. Jibuni hili sasa: kwa nini injini ile ile, kiwanda kile kile, kitabu cha soko moja kinadai 0W-20 tu, na kitabu cha soko lingine kina jedwali la joto linaloruhusu mpaka 15W-40? Chuma hakijabadilika, sheria ndiyo imebadilika. Marekani walipitisha sheria mwaka 1975, kila kampuni ifikie wastani fulani wa ulaji wa mafuta kwa magari yote inayouza, isipofikia ilikuwa inalipa faini (hadi 2025). Oili nyepesi inaokoa asilimia ndogo sana. Kwa gari moja huioni, kwa magari milioni kampuni inaiona vizuri. Wao walikuwa wanakwepa faini, wewe unabaki na injini.

#14 Chumba_cha_Mashine
Kobe safari hii ana hoja, ila ameibeba upande mmoja.

Kweli, msukumo mkubwa wa oili nyepesi ni ulaji wa mafuta. Wajapani wameshuka mpaka 0W-16 na 0W-8, na hawafanyi hivyo kwa mapenzi. Lakini anayepunguza mnato anajua anachokata. Kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa kwenye kopo: oili inapimwa kwa nyuzi 150 huku ikisuguliwa kwa kasi kubwa, kuiga hali ilivyo kwenye bushi za krenki. Oili ya 20 lazima ibakize mnato wa angalau 2.6 kwa kipimo hicho, ya 30 angalau 2.9, na 5W-40 angalau 3.5. Huo ndio mnato unaoshikilia utando unaozuia chuma kukutana na chuma. Injini iliyopangiwa 2.6 imepewa pampu, mipako ya bushi na njia za oili zinazoendana na 2.6. Ukiipa 3.5 haifi, inasukuma kitu kizito zaidi tu. Ukichukua injini iliyopangiwa 3.5 ukaipa 2.6 halafu ukapanda mlima na mzigo, hapo ndipo kuna mazungumzo.

Kwa hiyo kwenda juu daraja moja, toka 20 hadi 30, kwenye joto na mizigo, sina ugomvi nako. Kitabu chenyewe kimeruhusu. Toka 20 hadi 50 si daraja, ni ghorofa.

#15 Mzee_wa_Nadharia
Nimekubali kusahihishwa kwenye W. Lakini injini za kisasa zina nafasi ndogo sana kati ya bushi na krenki, ndiyo maana oili nzito haipiti. Hilo msinibishie.

#16 Chumba_cha_Mashine
Nakubishia. Nafasi ya bushi kwenye injini za magari madogo ni sehemu chache za mia ya milimita, zamani na sasa. Haijasinyaa kama watu wanavyosimulia. Kilichobadilika ni kwamba oili siku hizi ina kazi nyingine zaidi ya kulainisha.

#17 Fundi_Nyaya
Kazi yenyewe ni hii. Injini ya mtoa mada kwa vyovyote ina kamshafti inayojigeuza muda wa kufungua vali. Kinachoigeuza ni presha ya oili, inayoongozwa na kompyuta kupitia kivali cha umeme chenye tundu dogo na chujio dogo zaidi. Kompyuta imepigiwa hesabu kwamba oili itafika kwa kasi fulani. Ukiweka lami, kam inachelewa kugeuka, gari inaondoka kizito. Nimeshaletewa magari zaidi ya mara moja taa ya injini inawaka, mtu kashanunua plagi, koili na sensa. Tatizo lilikuwa oili. Nikabadilisha oili na kuosha kichujio, taa ikazima. Mmoja alinigombeza kwa nini nimemtoza hela ya "kumwaga oili tu".

#18 Kobe_Mchovu
Mimi nimefunga geji ya presha. Nikiweka nyepesi mshale unalala, nikiweka 20W-50 unasimama kama askari. Mtaniambia macho yangu yanadanganya?

#19 Nati_Kumi
Macho yako mazima, unayasomea tu kitu kingine. Geji inapima ubishi, haipimi wingi wa oili inayopita. Bonyeza gundi kwenye bomba la sindano: mkono unauma, presha ni kubwa, na inayotoka ni tone. Pampu ya oili ina vali ya usalama, presha ikizidi inarudisha oili kwenye sampu. Kwa hiyo asubuhi, huku mshale umesimama kama askari, sehemu ya oili inazunguka chini kwa chini na kam bado inasubiri.

#20 Kobe_Mchovu
Miaka thelathini na kitu inasubiri na haijafa.

#21 Nati_Kumi
Kam ya 1989 ina subira 😂

#22 Binti_wa_Dizeli
Mmejaza ukurasa kwa namba, hakuna aliyegusa herufi. Mimi herufi ndizo zilinila.

Nyuma ya kopo tafuta API, alama ya kiwango cha ubora wa oili. Inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya. SJ ilikuja 1996, SL 2001, SN 2010, SP 2020. Kopo linaweza kuwa na picha ya gari ya mashindano na maandishi ya dhahabu, ukigeuza unakuta SF, kiwango kilichowekewa injini za mpaka 1988. Hata gari ya Kobe imeipita kwa mwaka mmoja.

Yangu ni dizeli yenye filta ya masizi kwenye ekzozi. Gereji moja ikaniwekea oili ya dizeli nzuri tu, namba zilikuwa sahihi, 5W-40 kama kitabu. Hakuna aliyesoma kwamba kitabu kinataka oili ya majivu kidogo, ile ya ACEA C3, kiwango cha Ulaya. Dawa zilizomo kwenye oili zikiungua zinaacha majivu. Masizi yanachomeka, majivu hayachomeki, yanakaa humo milele. Baada ya kilomita nyingi filta ikaanza kujisafisha kila siku badala ya mara moja moja. Na wakati wa kujisafisha injini inamwaga dizeli ya ziada, nyingine inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye sampu. Kwenye kijiti nikaona oili inapanda! Fundi akaniambia nina bahati, gari yako haili oili.

#23 Mpiga_Honi
Gari inayozaa oili. Nichukue oda.

#24 Chumba_cha_Mashine
#22 umemaliza. Niongeze kwa wenye magari ya Ulaya: API peke yake haitoshi. Tafuta ile namba ya kampuni yenyewe, VW 504 00/507 00 ya Volkswagen, MB 229.5 ya Mercedes-Benz na ndugu zake. Kuna 5W-30 mbili zinazokaa rafu moja, zinafanana namba, na hazifanani kitu kingine chochote. Na zile injini zenye mkanda wa taimingi unaozama ndani ya oili, hapo oili isiyoidhinishwa inaweza kuutafuna mkanda, vipande vikaenda kuziba chujio la pampu.

#25 Pikipiki_Tatu
Salamu wakuu. Nje ya mada kidogo: naweza kuweka SP 10W-40 ya gari kwenye pikipiki? Imebaki lita moja, naona uchungu kuitupa.

#26 DadaSpana
Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini? Kama ndiyo, tafuta yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili nyingi za magari, hasa zile nyepesi za kuokoa mafuta, zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Utavuta mafuta, injini italia, pikipiki itabaki inakutazama.

#27 Pikipiki_Tatu
Inaogelea. Nimeshaweka tayari. Ndiyo maana nimeuliza.

#28 Mpiga_Honi
Huyu kauliza njia akiwa ameshafika 😂

#29 Rula_na_Kalamu
Hakuna aliyezungumzia sintetiki. Kwangu hilo ndilo la kwanza. Mineral huwezi kuifananisha na sintetiki kamili, hata mzibishane namba mpaka kesho.

#30 Chumba_cha_Mashine
"Sintetiki kamili" ni neno lenye historia. Oili za msingi zimegawanywa makundi matano. La kwanza na la pili ni mafuta ghafi yaliyosafishwa. La tatu nalo ni mafuta ghafi, lakini yamepikwa kwa haidrojeni mpaka molekuli zikabadilika sura. La nne linatengenezwa maabara toka mwanzo, na la tano ni masalia yote, esta zikiwemo. Mobil waliwahi kumlalamikia Castrol kwenye chombo cha kusimamia matangazo huko Marekani, kwamba anauza kundi la tatu kwa jina la sintetiki. Mwaka 1999 Castrol akashinda. Tangu hapo kopo nyingi zinazosema sintetiki zina kundi la tatu ndani, ila Ujerumani wanalibana zaidi hilo neno.

Simaanishi ni mbaya. Kundi la tatu la leo ni oili nzuri mno. Namaanisha SP 5W-30 imefaulu mitihani ile ile, iwe imeandikwa sintetiki kubwa, sintetiki ndogo, au haikuandikwa kitu.

#31 Rula_na_Kalamu
Kufaulu kuna mia na kuna hamsini, mkuu.

#32 Chumba_cha_Mashine
Hapo sikupingi.

#33 Dereva_wa_Usiku
Mimi naenda na rangi. Ikiwa nyeusi namwaga.

#34 Binti_wa_Dizeli
Dizeli yangu inakuwa nyeusi kabla sijatoka getini. Kwa hesabu yako ningemwaga kila siku. Weusi ni masizi yaliyoshikwa na sabuni ya oili yasigande kwenye chuma, yaani oili inafanya kazi iliyoajiriwa. Ya kuogopa ni ile iliyogeuka kama maziwa. Ikiwa ni kwenye kifuniko tu na unatembea safari fupi fupi, huenda ni mvuke haujapata moto wa kutosha kutoka. Ikiwa imefika kwenye kijiti na maji ya rejeta yanapungua, simamisha gari.

#35 Dereva_wa_Usiku
Sasa nimwage baada ya kilomita ngapi?

#36 DadaSpana
Soma kitabu, halafu soma ukurasa unaofuata ambao watu hawausomi, wa "matumizi magumu". Vumbi, safari fupi, kukaa kwenye foleni injini inawaka, kuvuta mzigo. Wengi wetu tuko ukurasa huo na tunajihesabia ule wa kwanza. Na miezi ina uzito wake, hata gari ikilala.

#37 Mzee_wa_Nadharia
Nimerudi na nadharia mpya kuhusu ta-ta-ta ya mtoa mada. Ni cheni ya taimingi. Ile kitu inayoikaza inasukumwa na presha ya oili. Gari ikilala usiku inalegea, ukiwasha cheni inapiga ukuta mpaka oili ifike. Kwa kilomita 148,000 cheni imeshanyooka. Oili nzito imefichua tu ugonjwa uliokuwepo.

#38 Fundi_Nyaya
Inawezekana. Ila mimi naweka dau kwenye gia ya kam. Ndani yake kuna pini inayoifunga injini ikizimwa. Pini ikilika, gia inacheza mpaka presha ije. Sauti yake ni kama kutikisa misumari kwenye kopo, sekunde mbili tatu, kimya. Alivyoeleza mtoa mada ni hiyo hiyo.

#39 DadaSpana
Na filta mmeisahau. Kuna kipande cha mpira ndani yake kinachozuia oili isirudi chini gari ikizimwa. Mpira ukikauka, oili yote ya juu inateremka usiku, asubuhi pampu inaanza kujaza upya. Halafu filta ina vali ya kupita pembeni: oili ikiwa nzito sana au filta imeziba, vali inafunguka, oili inakwenda kwenye injini bila kuchujwa. Filta kuukuu, oili ya 50, asubuhi. Alichopangusa na kitambaa yule fundi ni nje.

#40 Nati_Kumi
Mimi bado niko kwenye povu. Mtoa mada hajatuambia kijiti kimesema nini.

#41 Mwendapole
Nimeangalia leo. Imepita alama ya juu. Si kidole kizima, ni nusu.

#42 Nati_Kumi
Nusu kidole cha nani? 😂

#43 Kobe_Mchovu
Mnaona sasa? Ilikuwa imezidishwa. 20W-50 haina kosa.

#44 Gia_ya_Pili
Wakuu nachomekea. Kama 50 ya injini ni nzito hivyo, mbona gia boksi ya manyuo tunaweka 75W-90 na haijavunjika? Tisini!

#45 Chumba_cha_Mashine
Mizani nyingine kabisa hiyo. 90 ya gia kwa nyuzi 100 inaanzia sentistoksi 13.5, 50 ya injini inaanzia 16.3. Kwa hiyo 90 ya gia inaweza kuwa nyepesi kuliko 50 ya injini.

#46 Gia_ya_Pili
Nimeishi uongo.

#47 Rula_na_Kalamu
Vipi zile chupa ndogo za dawa za kuongezea kwenye oili? Kuna mtu kaniambia zinafufua ringi.

#48 DadaSpana
Oili tayari imeshachanganywa na dawa zake kwa vipimo: sabuni, za kuzuia kutu, za kuzuia mikwaruzo. Hata fosforasi imewekewa kikomo, oili za SP za 30 kushuka chini hazitakiwi kuzidi sehemu 800 kwa milioni, kwa sababu inaua masega ya ekzozi yanayosafisha moshi. Ukiongeza chupa, wewe ndiye mkemia sasa. Ringi iliyolika haifufuki. Kabla ya kulaumu ringi, kagua vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, ikiganda injini inakunywa oili kupitia njia ya hewa. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha halafu ukapotea, mara nyingi ni sili za vali. Unaoendelea ukiwa unakanyaga, ndiyo ringi.

#49 Kobe_Mchovu
Na hapo ndipo 20W-50 inapoponya. Wangu alikuwa anakula lita kila safari, nikapandisha, akaacha.

#50 Binti_wa_Dizeli
Umemfunga mgonjwa mdomo, Kobe.

#51 Kobe_Mchovu
Lakini amenyamaza na anatembea.

#52 Mwendapole
Wakuu, mrejesho, wiki tatu baadaye. Nimemwaga 20W-50 ikiwa imetembea kilomita 600 tu, nimeweka 5W-30 SP, lita 3.7 kwa kipimo, filta mpya. Kuondoka gari imekuwa nyepesi, hilo sina wasiwasi nalo. Ta-ta-ta imepotea siku nane mfululizo. Kisha nikasafiri, gari ikalala siku tatu, niliporudi nikawasha: ta-ta. Moja imepungua.

#53 Fundi_Nyaya
Pini ya gia ya kam.

#54 Mzee_wa_Nadharia
Cheni.

#55 DadaSpana
Umebadilisha oili, filta na kiasi kwa siku moja, sasa hata mimi siwezi kukuambia ni kipi kilichotibu. Filta uliyoweka ni ya aina gani? Si zote zina mpira mzuri.

#56 Nati_Kumi
Siku tatu ni nyingi, hata mimi nikilala siku tatu nagonga. Irekodi sauti uiweke hapa.

#57 Mwendapole
Nitarekodi ikirudia. Swali la mwisho: ile 20W-50 niliyomwaga nimeirudisha kwenye galoni yake. Naipeleka wapi?

#58 DadaSpana
Usimwage chini wala kwenye mtaro. Peleka kwa wanaokusanya oili chafu, gereji nyingi zina pipa.

#59 Kobe_Mchovu
Pipa la nini? Nitumie mimi.

#60 DadaSpana
Imeshatumika, Kobe.

#61 Kobe_Mchovu
Kilomita 600 si kutumika, ni kuonja.